Sura ya Tano: Kabla ya Swali la Kwanza

Inspekta Salah alirudi kituoni saa mbili asubuhi, vumbi la barabara ya Wajir bado limemkaa kwenye nyusi, akakuta kesi imekwisha bila yeye.

Ndivyo alivyoambiwa na mkuu wa kituo kabla hata hajavuta kiti.

"Bare, yule dereva wa lori la maji, alichomwa kisu jana alasiri kule Lagadheer. Aliyemchoma tulimkamata saa moja jioni. Anaitwa Keynan, mchunga ngamia kutoka Eldas. Amekubali, karatasi hii hapa. Soma, panga jalada, afikishwe mbele ya hakimu kabla ya saa nane. Ndugu za marehemu wako getini tangu alfajiri."

Salah alisoma akiwa amesimama. Jalada lilikuwa jembamba. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya shahidi, mfanyabiashara wa mbuzi aitwaye Yarow. Alieleza kwamba saa kumi na robo alikuwa akitembea kwa miguu kutoka msikiti wa Lagadheer. Nyuma ya matangi ya maji alimwona Keynan, kifua wazi, mikono ina damu, amepiga magoti kando ya Bare aliyekuwa amelala chini. Aliogopa, akakimbia. Kijiji kizima kilijua kwamba asubuhi ya siku hiyo Keynan na Bare walikuwa wametukanana, kwa sababu Bare alikataa kuwanywesha ngamia maji yaliyoletwa kwa ajili ya watu.

Karatasi ya pili ilitoka kwa daktari aliyeipokea maiti. Jeraha moja la kisu pajani, mshipa mkubwa umekatwa, marehemu alivuja damu hadi kufa. Juu ya jeraha kulikuwa na alama ya kufungwa, upana wa vidole vitatu. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *kamba ya ngamia*.

Ya tatu ilikuwa maelezo ya mshukiwa, mistari michache kwa mwandiko wa koplo, na alama ya kidole gumba chini yake.

*Jina langu ni Keynan. Mimi na Bare tuligombana asubuhi juu ya maji. Alasiri nilimkuta nyuma ya matangi. Damu ilikuwa nyingi. Nilimshika mguu. Nilifua shati. Sina la kuongeza.*

Salah alirudia mara mbili. "Mkuu, hajasema popote kwamba amemchoma."

"Amesema amefua shati. Mtu asiye na hatia anakimbilia kufua shati? Tena tulilikuta kwenye kamba nyumbani kwa mpwa wake alikofikia. Lilikuwa bado limelowa."

"Yarow anasema alimwona kifua wazi. Kama hakuwa na shati mwilini, damu ilifikaje kwenye shati?"

"Alilivaa baadaye."

"Na maiti ilikutwa kando ya barabara, kilomita sita kutoka kwenye matangi. Mzee huyu ana gari?"

"Ana ngamia arobaini, Salah. Mmoja alitosha." Mkuu wa kituo alitazama saa yake ya mkononi. "Usinitafutie mambo. Saa nane."

Koplo aliyeandika maelezo alimsindikiza hadi seli. Alikuwa kijana makini kutoka Busia, miezi mitatu tu tangu ahamishiwe huku, na alitembea kwa hatua za mtu aliyefanya kazi nzuri akingoja kuambiwa hivyo.

Keynan alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, umri wa miaka sitini au zaidi. Kiunoni alikuwa na kikoi, na juu alijitanda shali ya kike ya rangi ya zambarau. Alipowaona aliinuka akashika nondo za mlango.

"Bare iko wabi?" alimuuliza koplo. "Mguu yake nafuu?"

Koplo alitikisa kichwa. "Tangu jana ni wimbo huo huo. Anajifanya hana akili."

Salah alifungua kinywa kumsemesha kwa Kisomali. Sauti ya mwanamke ikamtangulia kutoka nyuma, kwa Kisomali hichohicho.

"Usimjibu, adeer," alimwambia mzee. "Nawe Inspekta, tafadhali usimuulize kitu."

Alikuwa amesimama mwanzoni mwa ukumbi mwembamba, jalada kwapani, buibui jeusi limechafuka vumbi pindoni. Alimpa Salah kadi. Khadijo, wakili wa Mahakama Kuu. Alikuwa ameletwa na Samsam, mpwa wa Keynan, aliyesafiri kutoka Lagadheer tangu swala ya alfajiri akitafuta mtu wa kumsimamia mjomba wake.

Ofisini kwa mkuu wa kituo, Khadijo hakuketi.

"Nahitaji kuonana na mteja wangu peke yetu. Mlango umefungwa, na askari asiwe mahali pa kusikia."

"Umechelewa, mama. Ameshaandika maelezo."

"Naomba niyaone." Aliyasoma, kisha akamgeukia koplo. Hakupandisha sauti. "Nani alimtafsiria?"

"Alisema mwenyewe kwa Kiswahili."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi tu."

"Alijua anaweza kunyamaza? Alijua anaweza kuita wakili?"

"Nilimsomea. Imechapishwa juu ya fomu."

"Kwa lugha gani?"

Koplo alisita. "Fomu ni ya Kiingereza."

Khadijo aliiweka karatasi mezani taratibu. "Mkuu, unajua sheria kuliko mimi. Kukiri kosa mbele ya koplo si kukiri. Kunataka hakimu, au ofisa wa cheo cha inspekta mkuu asiyepeleleza kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe awepo. Mkipeleka hii leo, hakimu ataiweka kando. Na kama kweli ndiye aliyemuua Bare, mtakuwa mmemfungulia mlango nyinyi wenyewe."

Mkuu wa kituo alimtazama Salah, akitarajia amuunge mkono. Salah alikuwa akiitazama alama ya kidole gumba. Miaka kumi na tisa kazini alikuwa amewaona mawakili wengi wakija kuchelewesha mambo, na hakuwapenda. Lakini jalada lile lilikuwa na matundu aliyoyaona hata kabla ya huyu kuingia.

"Kuna chumba cha sare," alisema. "Kina mlango mzima. Mpe saa moja, mkuu. Nikikosea, mimi ndiye nitakayemweleza hakimu."

"Mpaka saa tano," mkuu akasema. "Hata dakika isizidi."

Khadijo alitoka chumbani baada ya dakika arobaini, macho yakiwa mekundu kidogo. Akamwambia Salah masharti yake palepale ukumbini.

"Nimemshauri anyamaze. Amekataa, anasema hana cha kuficha. Basi atazungumza, lakini kwa Kisomali. Kila utakachoandika utamsomea kabla hajaweka kidole. Nikisema simama, unasimama."

"Sawa."

"Na kabla ya swali la kwanza, kuna jambo ambalo sheria inawataka mlifanye na halijafanyika. Mwambie kwa nini yuko hapa, kwa lugha anayoielewa."

Walikaa wanne katika chumba cha mahojiano. Keynan na wakili wake upande mmoja, Salah upande wa pili, koplo pembeni na kalamu, kwa kuwa Salah alitaka awepo na alikuwa tayari kumtafsiria. Feni ilizunguka bila kupoza kitu.

"Adeer Keynan," Salah alianza kwa Kisomali, kwa heshima ya mtu anayezungumza na baba mdogo. "Mimi ni Inspekta Salah. Umekamatwa kwa sababu unashukiwa kumuua Bare, dereva wa lori la maji. Hulazimiki kusema chochote. Ukisema, nitakiandika, na kinaweza kusomwa mahakamani. Umenielewa?"

Keynan aligeuza uso. Alimtazama Khadijo, halafu Salah, kisha mikono yake mwenyewe juu ya meza.

"Kumuua," alisema. "Bare amekufa?"

"Amekufa jana."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipoinua uso, hakuuliza alikofia wala lini.

"Nani alimfungua?"

Salah aliacha kalamu. "Unasema?"

"Nilimfunga vizuri. Damu ilikuwa imesimama, niliikagua kwa kidole. Nimefunga miguu ya ngamia na ya watu tangu nikiwa mdogo, najua fundo linaloshika. Nani alimfungua?"

"Ulimfunga kwa kitu gani?"

"Shati langu."

Salah aliyavuta maelezo ya jana akaweka kidole kwenye mstari wa sita. "Hapa imeandikwa ulifua shati. *Waan dhaqay.*"

"Hapana!" Keynan alishangaa. "Nifue na nini? Kulikuwa na maji ya kufulia pale? *Waan iska bixiyey.* Nililitoa mwilini nikamfunga."

"Jana ulimwambia koplo kwa Kiswahili. Sema tena kama ulivyosema jana."

Keynan alimgeukia koplo, akasema polepole, kama mtu anayemrudishia mwenziwe kitu alichokopeshwa: "Mimi nilifua shati."

Salah hakuhitaji kufikiri. Kisomali hakina sauti ya *v*. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza katika chuo cha polisi, alisimama mbele ya wenzake mia mbili akasema yuko tayari kwenda "fitani", na walimcheka hadi akakaa. Ilimchukua miezi mingi kuzoesha meno yake kugusa mdomo wa chini. Mzee wa Eldas hakuwa na sababu ya kujizoesha. Alikuwa amevua shati. Akasema hivyo kwa mdomo aliopewa na lugha yake, na neno likafika kwenye karatasi likiwa neno jingine.

"Amesema alivua," Salah alimwambia koplo kwa Kiswahili. "Alilivua akamfunga nalo marehemu pajani."

Koplo alikuwa ameganda. "Afande, lakini kweli alisema nilifua."

"Ndiyo. Uliandika ulichosikia."

Salah akarudi kwa Keynan. "Kwa nini hukueleza yote?"

"Nilianza kueleza habari ya gari. Yule kijana akasema inatosha, inatosha, akaniletea wino. Nikadhani amejua mengine kwa watu. Nikadhani wananishikilia kwa sababu ya matusi ya asubuhi, mpaka Bare apone tupatanishwe."

"Gari gani?"

"Simama," Khadijo akasema. Alimwinamia mteja wake, wakanong'ona. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Endelea. Ayajibu mambo ya gari. Mambo ya kisu hayajui, na hatabahatisha."

Keynan alieleza. Alimkuta Bare nyuma ya matangi ameketi, ameegemea bomba, paja likitoa damu kwa kuruka. Hakuona mtu wala kisu. Alivua shati akamfunga, akamwacha, akakimbilia barabarani kupunga mkono. Pikapu nyeupe ikasimama, imetoka upande wa malisho, inaelekea mjini. Ndani alikuwa dereva peke yake, amejizungushia kilemba usoni kwa sababu ya vumbi. Dereva alisema atampeleka hospitali, lakini akamkatalia Keynan kupanda, akisema gari limejaa. Gari likaletwa hadi kwenye matangi, wakamlaza Bare nyuma pamoja na mbuzi, na pikapu ikaondoka.

"Namba ya gari?"

"Adeer, sisomi."

"Dereva umemtambua?"

"Uso sikuuona. Sauti aliitoa kidogo tu."

"Mbuzi je?"

Hapo mzee akanyooka kitini, kwa mara ya kwanza. "Walikuwa saba. Wawili wana mimba. Mweusi mmoja mkubwa anakohoa, ana ugonjwa wa mapafu, hafai kuchanganywa na wengine. Wote wamepakwa rangi ya buluu kiunoni, mstari mmoja na nukta mbili chini yake."

Salah alimpa karatasi. Keynan alishika kalamu kama mtu anayeshika mwiba, akachora mstari, akaweka nukta mbili.

Maelezo yaliposomwa upya, yalichukua kurasa tatu. Khadijo aliyasikiliza yote, akasahihisha mahali pawili, ndipo akamsogezea mteja wake wino.

Ukumbini, Salah alimsubiri.

"Hukumwambia kwamba Bare amekufa."

"Alinieleza kila kitu kama mtu anayemzungumzia mgonjwa aliye wodini," Khadijo alisema. "Nikajua hajui. Ningeweza kumpa habari mimi, kwa upole, milango imefungwa. Au nimwache aisikie kwako." Alijipangusa jasho chini ya jicho. "Nilitaka polisi mmoja auone uso wake. Sijui kama nilitenda vizuri. Ni mtu mzima, na nimemfanyia hivyo."

"Uso si ushahidi."

"Najua. Basi katafute shati."

Salah alianza na chumba cha vielelezo. Shati lililochukuliwa kwa Samsam alilikunjua, akamwambia koplo alishike mabegani. Lilimtosha koplo barabara, na koplo alikuwa mwembamba kama fimbo. Keynan asingeingiza hata mkono mmoja. Lilikuwa la mume wa Samsam. Mzee alikuwa amelala kituoni akiwa amejitanda shali ya mpwa wake, na katika watu wote waliomwona hapakuwa na aliyejiuliza shati lake liko wapi. Salah alijihesabu miongoni mwao.

Alimpigia simu daktari.

"Ile alama pajani. Ni kamba?"

"Kitambaa," daktari alisema. "Nilimweleza aliyenipigia jana, lakini alikuwa na haraka. Kamba ingechubua ngozi. Hii ilikuwa pana na laini, imefungwa na mtu anayejua kazi."

"Na kama isingefunguliwa?"

"Kutoka Lagadheer hadi hapa ni nusu saa. Angefika, tungemshona, leo angekuwa analalamika juu ya chakula cha hospitali."

Salah alikata simu. Akamtuma koplo na askari wawili mahali maiti ilipookotwa. "Jana mlitafuta kisu," aliwaambia. "Leo tafuteni kitambaa chenye fundo. Ingieni hata kwenye miiba."

Yeye akaenda soko la mifugo. Maalim, karani wa soko, alikuwa kivulini mwa banda la mabati na daftari la vibali vya kusafirisha mifugo. Hakuhitaji kulifungua. Alitupia macho mchoro wa Keynan, akaurudisha.

"Mstari na nukta mbili. Hiyo rangi ya Yarow, wa Griftu."

Salah alijikaza uso usibadilike. "Yarow ana gari?"

"Ana pikapu nyeupe. Jana aliingia na mbuzi saba, magharibi inakaribia, soko limeshafungwa. Nilimgombeza, nikaandika kibali chake hivyohivyo." Maalim akacheka kidogo. "Mbuzi wenyewe wamelowa chapachapa. Nikamwambia, watu hawana maji ya kunywa wewe unaogesha mbuzi? Akasema alinunua mitungi ya maji hapa mjini kuosha gari, walikuwa wamelichafua."

"Mmoja anakohoa?"

"Mweusi. Nimemtenga kule." Maalim aliacha kucheka. "Kuna nini?"

"Kibali hicho usimpe mtu mwingine yeyote."

Simu ya koplo ilimkuta njiani. Shati lilikuwa limepatikana hatua arobaini kutoka barabarani, limesukumwa ndani ya kichaka cha miiba. Shati kubwa, la kijivu. Fundo halikufunguliwa, lilikatwa kwa kisu. Salah alimwambia asiliguse, alipige picha, alifunike, angoje.

Yarow hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa pale getini pa kituo, katikati ya ndugu za Bare, akiwagawia chupa za maji. Salah alimwomba aingie ndani kidogo, kuna neno la kurekebisha katika ushahidi wake. Aliingia bila wasiwasi. Wasiwasi ulimjia alipoona karatasi yenye mstari na nukta mbili mezani, na pembeni yake maneno yake mwenyewe: *nikitembea kwa miguu*.

Salah alimwambia kwa Kisomali anashukiwa kwa nini, na kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili.

"Sina haja ya wakili," Yarow alisema haraka. Midomo ilikuwa imekauka. "Nitakueleza sasa hivi. Alinifukuza kama mbwa, mbuzi wangu wamekaa siku tatu bila maji, mimi nilitaka tu—"

Salah aliinua kiganja. "Nyamaza kwanza."

Mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimvuta Salah mkono. "Una wazimu? Mtu anataka kusema. Andika!"

"Jana kuna mtu alisema na tukaandika, mkuu. Safari hii nataka iliyo kamili. Nataka isimame mbele ya hakimu yeyote."

Khadijo hakuweza kumsimamia Yarow, kwa kuwa alimsimamia Keynan. Alitoa jina la Abdikarim, wakili mwenye ofisi karibu na mahakama. Ilibidi angojwe amalize kesi. Kwa saa nzima na nusu Yarow alikaa upande wa pili wa meza akitaka kuzungumza, na Salah alikaa mbele yake, kalamu imefunikwa, akimwongezea chai. Ilikuwa saa ngumu kuliko nyingi alizopata kukaa na mshukiwa. Neno moja tu lingetosha kuifunga kesi siku ileile, nalo lilikuwa pale mdomoni mwa mtu. Abdikarim alipofika, alikaa na mteja wake, kisha akatoka kusema kwamba hatatoa maelezo yoyote leo.

Mkuu wa kituo aliondoka bila kuaga. Salah aliandika katika kitabu cha matukio: mshukiwa amechagua kunyamaza. Alikuwa na shati, kibali, mbuzi saba na daktari. Vingetosha, au angetafuta vingine.

Keynan aliachiliwa saa tisa. Salah aliwaita kwanza ndugu za Bare, akawaeleza alichoweza kuwaeleza, mara mbili, mpaka kaka mkubwa alipokaa chini palepale kwenye changarawe. Mzee alitoka amejitanda shali yake ya zambarau. Samsam alikuwa akimsubiri na nauli ya kurudi Lagadheer.

"Nyumba ya Bare iko wapi?" Keynan aliuliza.

"Adeer, nenda kwanza upumzike," Salah alisema. "Huko kuna watu waliolala jana wakiamini wewe ndiye."

"Ndiyo sababu niende leo."

Walienda kwa gari la kituo, Keynan, Khadijo na Salah. Mazishi yalikuwa yamemalizika punde. Wanaume walijaa chini ya turubai nje ya ua, na gari liliposimama mazungumzo yalikatika. Kaka mkubwa wa Bare, akitokea makaburini, alishuka kwenye gari lililofika nyuma yao, akamshika Keynan mkono, akampitisha katikati yao hadi kwenye mlango wa nyumba. Mlangoni kulikuwa na pazia. Mjane, Deka, alikuwa upande wa pili pamoja na wanawake.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye?" sauti yake iliuliza.

"Mimi."

"Alisema nini?"

Khadijo alisogea nusu hatua. Alikuwa bado wakili wa mtu huyu, na Salah alikuwa bado polisi aliyesimama na daftari mfukoni. Kisha Khadijo akamwacha ajibu.

"Hakuweza kusema," Keynan alijibu. "Ulimi ulikuwa umemkauka. Lakini gari liliposimama na dereva akashuka, alinishika mkono huu. Alinishika kwa nguvu. Sikujua kwamba mtu aliyetoka damu kiasi kile bado ana nguvu hizo. Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia, Bare, gari limefika, utapona, niache. Hakuniacha. Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikampakia mwenyewe."

Chini ya turubai mtu mmoja alianza kulia. Salah alikuwa ameelewa, na aliona kwamba mzee alikuwa ameelewa kitambo, pengine tangu alipolisikia jina la Yarow kituoni, na alikuwa amekuja hapa kwa sababu hiyo. Bare alikuwa amemtambua dereva.

Keynan alisimama na mkono wake umenyooshwa mbele, kama mtu aliyeleta kitu akingoja kipokelewe.

Pazia likasogea.

"Ingia, adeer," Deka alisema. "Kaa. Nisimulie tangu ulipomkuta."

Keynan akaacha viatu mlangoni, akainama, akaingia.